Kwa nini tunamkingia rafiki kifua hata akikosea: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa kwenye vikoba vya akina mama, vikundi vyetu vya kuweka na kukopeshana fedha, hapa Tanga kwa zaidi ya miaka kumi na tano, kwanza Ngamiani, sasa Makorora. Nimewahi kuwa mtunza funguo, nimewahi kuwa katibu, na siku hizi naitwa kusuluhisha wanachama wakigombana. Maswali yaliyomo humu naulizwa barazani, naulizwa msibani tukiwa tunamenya vitunguu, na mengine huja kwa simu usiku watoto wakishalala. Nimeona niyaandike, kwa sababu majibu ya kusimama mlangoni hayatoshi.

Inakuwaje mtu mzima, mwenye dini yake na akili zake, anasimama mbele ya watu kumtetea rafiki anayejua kabisa kuwa kakosa?

Nianze na langu, maana nililifanya mimi mwenyewe.

Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Aliyebuni utaratibu huo alijua binadamu walivyo: mmoja akishawishika, wawili wamzuie. Ila kwetu sisi watatu tulikuwa mashoga, marafiki wa kushibana. Mweka hazina alikuwa shoga yangu wa tangu utotoni, ndiye aliyenishika mkono usiku niliojifungua mtoto wangu wa kwanza. Jumatano moja, baada ya Isha, alikuja kwangu na mwenye ufunguo wa tatu. Mtoto wa dada yake alikuwa amelazwa, hela inatakiwa, na Ijumaa jioni itakuwa imerudi. Tukalifungua sanduku jikoni kwangu. Akatoa laki tatu na nusu.

Jumamosi tulikutana saa kumi alasiri kama kawaida. Wahesabu fedha ni wawili, lakini siku ile mmoja hakufika, akabaki bibi mmoja wa Nguvumali, muuza mihogo. Alitandika kanga chini akapanga noti safu kwa safu, kila safu laki moja. Akahesabu. Akarudia. Akalowesha kidole akahesabu mara ya tatu, sisi tukiwa kimya. Kisha akasema, "Hazifiki. Laki tatu na nusu hazipo."

Shoga yangu akacheka kidogo. "Bibi, macho hayo. Hebu rudia." Kisha akanitazama mimi.

Nikasema, "Labda wiki iliyopita tulikosea kuandika."

Ni hayo tu niliyosema. Mwingine akadakia kwamba bibi umri umekwenda, kazi ya kuhesabu apewe mtu mwenye macho. Bibi akavua miwani, akaifunga kwenye pindo la kanga, akakaa.

Mimi sikupata hata senti kwenye zile fedha. Kwa hiyo anayeniambia kwamba watu huteteana kwa sababu ya maslahi, namwambia aende mbali zaidi. Nilivyojichunguza tangu siku ile, naona kwanza palikuwa na deni. Yule alinishika mkono nikiwa kwenye uchungu, nami nikaona siku ya kulipa imefika. Lakini chini ya deni palikuwa na woga. Mji wetu huu tunaishi kwa kuzikana. Ukiugua saa nane za usiku, anayekupeleka hospitali ni rafiki, si ofisi. Ukifiwa, wanaokuja kupika na kulala kwenye jamvi ni wale wale. Mtu akikuambia "nilisimama na wewe", maana yake ana haki ya kuja kukudai siku yake. Ukimwacha peke yake mbele ya watu, unajiuliza: na mimi yangu yakinifika, nani atakuja? Hiyo ndiyo bima tuliyo nayo wengi wetu, na mchango wake hulipwa kwa maneno kama yale niliyosema.

Na lipo jambo moja zaidi, dogo, ambalo nililiona baadaye sana. Pale mkutanoni nilimtazama shoga yangu. Bibi sikumtazama. Ningemtazama bibi usoni, sidhani kama ulimi ungenipa ruhusa.

Kwa hiyo tunaliona kosa tukalifumbia macho, au hatulioni kabisa?

Yote mawili hutokea. Mimi nililiona nikalifumbia macho. Lakini mara nyingi jicho lenyewe limeshaegemea upande.

Nenda uwanja wa Mkwakwani siku timu zetu mbili za mpira, Coastal Union na African Sports, zinacheza. Mchezaji kaanguka ndani ya boksi. Wagosi wa Kaya, watu wa Coastal, wote wameona kasukumwa; wana Kimanumanu, watu wa African Sports, wote wameona kajirusha. Hakuna anayedanganya pale. Wote wangekula yamini, na wote wangekuwa wakweli wa walichokiona.

Jambo hili lilipimwa Marekani. Mwezi Novemba 1951 vyuo viwili, Dartmouth na Princeton, vilicheza mpira wao wa Kimarekani, mchezo ukawa mchafu, watu wakavunjika. Watafiti wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, wakachukua filamu ya mchezo ule wakawaonyesha wanafunzi wa pande zote mbili, wakawaambia wahesabu makosa. Filamu ni ileile. Wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Matokeo yalichapishwa 1954.

Wahenga wetu walishasema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Wengi tunaichukulia methali hiyo kama lawama, kana kwamba mwamba ngoma anaiba. Mimi naona inaeleza tu mkono unavyofanya kazi: anayevuta ngozi hawezi kuivutia kwa mwenzake, maana amekaa upande wake. Ndiyo maana kwenye usuluhishi siku hizi sikubali mtu aniambie "mimi nilikuwepo, niliona" akadhani kamaliza. Namuuliza: ulikaa upande gani?

Si ni tabia yetu tu watu wa pwani? Wenzetu wazungu husema kweli hata kwa baba yao.

Nalisikia sana hili na linaniudhi, kwa sababu linatufanya tujione tumeumbwa vibaya.

Mwaka huohuo wa 1951, watafiti Samuel Stouffer na Jackson Toby walichapisha majibu ya wanafunzi 648 wa Harvard na Radcliffe, hukohuko Marekani, kwa swali ambalo ungedhani limetungwa kwenye baraza la Ngamiani. Umepanda gari la rafiki yako mpenzi. Anaendesha maili 35 kwa saa mahali panaporuhusiwa 20, anamgonga mtembea kwa miguu. Shahidi ni wewe peke yako. Wakili wake anakuambia ukiapa kwamba mwendo ulikuwa 20 utamwokoa. Je, rafiki yako ana haki ya kulitegemea hilo kutoka kwako? Vijana hao wa vyuo vikubwa walivutana kama ambavyo tungevutana sisi. Wapo waliosema ana haki, wapo waliosema hana.

Halafu kuna Henri Tajfel, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Bristol, Uingereza. Yeye alitaka kujua upande huanzia wapi. Akachukua wavulana wa shule wa miaka 14 na 15, akawagawa makundi mawili kwa jambo lisilo na uzito wowote: eti nani kapenda picha za mchoraji Klee na nani kapenda za mchoraji Kandinsky. Kumbe hata hilo lilikuwa la kisingizio, mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu. Wavulana hawakujua nani yuko kundi lao. Walipoambiwa wagawe fedha kidogo kwa wenzao, walipendelea kundi lao, na wakati mwingine walikubali kundi lao lipate pungufu ili mradi tu liwazidi wale wengine. Hiyo ilichapishwa 1970.

Kama picha mbili za mtu usiyemjua zinatosha kutengeneza "sisi" na "wao", basi itakuwaje kwa mtu mliyechangia sahani?

Na sisi historia yetu inajulikana. Enzi za ukoloni palikuwa na ngoma ya beni, na vikundi vyake vilivyoshindana, Marini na Arinoti, na mji mzima ulijipanga huku au kule. Baadaye ikaja taarabu ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, na wazee wa Ngamiani hadi leo watakuambia nyumba gani ilikuwa ya nani. Wimbo wa kijembe ukitoka, hakuna aliyeuliza kama maneno yale ni ya kweli. Waliuliza yamemlenga nani. Ilikuwa raha ya mji, siikatai. Lakini masikio yaliyozoea kuuliza "kasemwa nani" kabla ya "kasemwa nini" huyabeba mazoea hayo mpaka kwenye baraza la usuluhishi.

Peke yangu nina msimamo. Kwa nini tukiwa wengi nanywea?

Kwenye kikoba chetu tulikuwa ishirini na wanne. Kila mkutano unapofungwa, salio husomwa kwa sauti na wote hulikariri, ili wiki inayofuata asije mtu akasema vingine. Kwa hiyo siku ile bibi alipotaja upungufu, hakuna hata mmoja ambaye hakuwa na namba sahihi kichwani. Wote tuliokuwepo. Na kimya.

Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa akifanya majaribio ya jambo hili katika miaka hiyohiyo ya 1950. Alimketisha mtu mmoja kati ya watu waliopangwa wajibu uongo. Swali lilikuwa jepesi kwa mtoto: mstari upi unalingana na huu? Wale wengine wakataja mstari ambao kila mwenye macho anaona haulingani. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa waliufuata uongo ule angalau mara moja.

Mimi lakini kinachonigusa ni jaribio lililofuata. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli kabla yake, mjaribiwa hakuyumba tena kama mwanzo. Mmoja alitosha. Pale kwetu kama kuna mama mmoja angesema "hata mimi nakumbuka hivyo anavyosema bibi", naamini kabisa angefuata wa pili, na wa tatu. Bibi asingehitaji mwanasheria. Alihitaji sauti moja, na iliyopaswa kuwa ya kwanza ilikuwa yangu, maana mimi nilikuwa najua zaidi ya kukumbuka.

Mabomu baharini: kijiji kizima kinamjua anayepiga. Kwa nini hatajwi?

Wageni wakifika Tanga huuliza hili kwa hasira, na hasira yao naielewa. Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku nchini tangu 1970, na pwani yetu ni kati ya zilizoumizwa sana. Bomu moja huua mkubwa na mdogo, anayeliwa na asiyeliwa, na huvunja matumbawe yakawa kifusi. Mwamba wa matumbawe uliovunjika huchukua miongo kujirudi, ikiwa utaachwa ujirudi.

Lakini mpiga bomu si jitu lililotoka ng'ambo. Ni kijana aliyekaa nawe kwenye mkeka wa madrasa. Siku akivua vizuri hugawa kitoweo, na mjane wa nyumba ya pili hupata fungu lake bila kutoa shilingi. Mlipofiwa alitoa chombo chake kwenda kuwachukua ndugu zenu wa visiwani. Sasa aje askari akuulize "nani kapiga leo asubuhi?" Wewe mlio umeusikia, dirisha limetikisika, na ndani chungu kiko motoni na samaki wake yumo. Ukimtaja umemtaja aliyekulisha, na jioni utapita njia ileile mbele ya mama yake.

Samaki wa bomu ana alama zake. Mnunuzi mzoefu pale soko la samaki la Deep Sea humbonyeza kwa kidole gumba karibu na uti wa mgongo: mnofu unalegea, umeachana na mifupa, na ndani kuna damu iliyovia. Anajua. Anamsogeza pembeni, anauliza bei, anaambiwa ya chini, ananunua. Nimesimama pale nikawaona watu waaminifu wakifanya hivyo, watu ambao hawawezi kukudhulumu chenji.

Anayesahaulika ni mvuvi wa ndoano na wa madema. Yeye ana ngalawa na makasia, hawezi kufuata samaki mbali. Kila mwaka anatoka saa nyingi zaidi anarudi na kidogo zaidi, na hamjui wa kumdai. Mpiga bomu ana marafiki wa kumkingia kifua. Huyu wa ndoano aliyeibiwa hana, kwa sababu wizi aliofanyiwa hauna siku wala saa.

Kilichosaidia, pale kiliposaidia, si hotuba. Mwaka 1994 ulianza mpango wa uhifadhi wa pwani ya Tanga uliowakalisha wanavijiji na serikali meza moja, wenyeji wakaingia kwenye doria na kwenye kutunga taratibu za miamba yao. Baadaye zikaja BMU, vikundi vya wavuvi wenyewe vya kusimamia fukwe. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wetu walianza kumnasa kwenye nyavu za kina kirefu mwaka 2003. Kutaja kukiwa kazi ya kikundi kilichochaguliwa, aliyetaja hawi tena msaliti mmoja anayenyooshewa kidole njiani. Ni ile sauti ya pili ya Asch, safari hii ina daftari na mhuri. Mwaka 2015 Bunge likapitisha pia sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Sheria ni nzuri kuwa nayo. Ila haiwezi kumlazimisha jirani aitikie salamu yako, na hapo ndipo watu wengi hushindwa.

Dini inasemaje? Si tumeambiwa tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au mdhulumiwa?

Tumeambiwa, na ni hadithi sahihi, ameipokea Anas bin Malik. Tatizo ni kwamba watu huinukuu nusu. Maswahaba nao walishangaa kama unavyoshangaa wewe, mmoja akauliza: akiwa amedhulumiwa namsaidia, sasa akiwa dhalimu namsaidiaje? Mtume, rehema na amani zimshukie, akajibu kwamba umzuie asidhulumu, huko ndiko kumsaidia.

Nusu ya kwanza peke yake ni kauli ambayo hata genge la wezi lingeipenda. Nusu ya pili inaigeuza yote. Bado unabaki upande wa ndugu yako, hukuambiwa umtupe. Lakini mkono wako umeushika mkono wake.

Na Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamuru tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi japo ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa wa karibu. Nafsi imetajwa kwanza. Wenzangu Wakristo wananiambia kwao pia imeandikwa, katika Kutoka 23, kwamba usifuate wengi kutenda uovu.

Rafiki yangu ana kesi na kaniomba nikatoe ushahidi wa uongo. Nifanyeje?

Usiende. Kiapo cha uongo mahakamani ni kosa la jinai kwa Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hufika miaka 7, na hakimu hatajali mmekua pamoja. Kama unataka kumsaidia, mtafutie wakili, mchangie nauli, mpelekee chakula, kaa na watoto wake. Hayo yote ni urafiki na hakuna hata moja linalohitaji kiapo.

Nikimwambia ukweli si atanichukia?

Pengine, kwa muda. Inategemea sana unavyomwambia na unamwambia wapi.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kunyamaza miezi sita, halafu siku moja anamwaga yote mbele ya watu, kwa hasira, eti kachoka kuficha. Hapo umemnyima rafiki ukweli wakati ungemsaidia, ukampa wakati wa kumvua nguo. Mwendee mapema, mwendee nyumbani, mkiwa wawili. Usimtume mtu na usimwandikie ujumbe wa simu. Ujumbe husomwa kwa sauti ya anayesoma, na sauti yake siku hiyo ni ya mtu aliyekaliwa kooni.

Maneno yawe machache. Mimi husema, "Mimi niko nawe, sikuachi. Ila hili siwezi kulisema mbele za watu, kwa hiyo usinitegemee kwa hilo." Kisha nanyamaza. Atasema umebadilika. Atakukumbusha wema wake wote, kuanzia wa utotoni, na wema huo ni wa kweli, usiukatae. Mwambie ndiyo, nakumbuka, na ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya kwenda kwa mwingine.

Halafu mpe njia ya kutokea. Mtu asiyeona mlango atapigana mpaka mwisho. Mwaka juzi mwanachama mmoja alikuwa ametumia rejesho la mwenzake. Shoga yake alikwenda naye mkutanoni akakaa ubavuni kwake. Muda wote yule akiungama, mwenzake alimshikia mkoba kwenye mapaja yake, ukamba wa mkoba kauzungusha kiganjani mara mbili. Hakufungua mdomo kumtetea. Na mle ndani hakuna aliyethubutu kumtukana yule aliyekosa, kwa sababu hakuwa peke yake.

Je, hakuna wakati ambapo kumtetea rafiki aliyekosa ni sawa?

Upo, tena ni wajibu. Pale adhabu inapozidi kosa. Nimeshuhudia karibu na soko la Mgandini kijana akiitiwa mwizi, na kweli alikuwa kachomoa simu. Watu wamekuja na mawe. Mwenzake akajitupa juu yake akamfunika, akawa anapiga kelele, "Kaiba! Kaiba, mpelekeni polisi! Msimuue!" Alikiri kosa la rafiki yake kwa sauti kuliko wote, na alipokea mawe mawili mgongoni kwa ajili yake. Nikiulizwa utetezi ulivyo, namkumbuka yule kijana, sina jibu lingine lililo bora.

Vilevile pale ambapo umesikia upande mmoja tu. Kusema "ngojeni na yeye asikilizwe" si kumbeba mtu.

Na mume, au ndugu wa damu?

Hapo mzigo ni mzito zaidi, maana rafiki mnaweza kuachana na ndugu hamwezi. Mchuma janga hula na wa kwao, utake usitake. Mengi niliyoyasema yanahusu huko pia, isipokuwa moja: kama kosa lenyewe ni kumpiga au kumharibu mtoto, usisubiri mazungumzo ya faragha. Funika kombe mwanaharamu apite ni methali iliyozika watoto wengi. Nenda polisi, dawati la jinsia na watoto, siku hiyohiyo.

Mwanangu anamficha mwenzake aliyevunja kitu shuleni. Nimchape aseme?

Usimchape. Uaminifu kwa mwenzake ni mali, ukiuvunja kwa fimbo utaulilia akiwa mkubwa. Muulize nani anasingiziwa kwa ajili ya kimya chake. Watoto huonea huruma haraka kuliko sisi, wakishaonyeshwa uso wa anayeumia.

Yule shoga yako mmeachana? Na bibi je?

Hatukuachana. Tulipovunja kikoba mwisho wa mwaka salio lilikataa, kukawa hakuna tena pa kusingizia macho ya mtu. Shoga yangu alikatwa kwenye hisa zake, na mimi nikasimama nikasema nilivyofungua sanduku jikoni kwangu. Funguo tulinyang'anywa wote watatu, ilikuwa haki. Mwaka mzima tulisalimiana kwa taabu. Sasa tunatembeleana, na kuna mambo akitaka kuyafanya huanza kwa kunitazama.

Bibi alikuwa ameshajitoa siku nyingi. Ilinichukua miezi minane kufika Nguvumali, mwendo wa dakika kumi kwa bajaji. Nilimkuta uani kwake anamenya mihogo ya jioni, miwani imefungwa kamba ya uzi nyuma ya kisogo. Nikakaa kwenye kibao nikamweleza yote, kuanzia Jumatano usiku. Hakunikatisha, na mikono yake haikusimama.

Nilipomaliza akasema, "Nilihesabu mara tatu, mwanangu."

Nikamwambia, "Najua, bibi. Nilikuona."

Akatafuta kisu cha pili kwenye beseni, akakifuta kwenye kanga, akanipa. Tukamenya mpaka alasiri ikaadhiniwa.